Mafuta ya bibi harusi yaliyoishia kwa majirani: nilichojifunza kati ya ufuta na mchaichai

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Naomba niweke hapa jambo lililotokea nyumbani kwangu, Ruhembe, wakati tunamwozesha binti yetu. Nitaandika nilichokiona na nilichokifanya, bila kupunguza wala kuongeza. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyokuwa.

Ni uzi wa mafuta. Kuna kemia ndani yake, lakini msikimbie, mwisho wake ni harusi.

Mimi ni fundi bomba. Kemia sikuisoma darasani. Binti yangu Rehema alipokuwa form three, shuleni kwao hawakuwa na mwalimu wa kemia kwa muda mrefu, nikanunua vitabu vya mtumba, tukawa tunasoma wawili kwenye meza ya chakula. Yeye alifanya mtihani, akafaulu, akaendelea na maisha yake. Mimi sikuwa na mtihani, kwa hiyo sikujua pa kuishia. Nasoma mpaka leo.

Rehema alipata mchumba Mikumi, kijana mtulivu mwenye kibanda cha matairi pale barabara kuu. Mahari ikaenda vizuri, siku ikapangwa.

Sasa likaja suala la mafuta.

Mke wangu, Mama Rehema, asili yake ni Masanze. Kwa akina mama yake kuna desturi ambayo sijaikuta kwingine. Siku moja kabla ya bibi harusi kuondoka anapakwa mafuta viganjani, mikononi, shingoni na kwenye nywele. Mafuta hayo hayanunuliwi. Anayatengeneza mama mzazi kwa mkono wake. Anayepaka ni dada mkubwa wa mama, na huyo dada ana haki ya kuyanusa kwanza. Yakimridhisha, anapaka. Yasipomridhisha, anayaweka pembeni na binti anapakwa ya dukani. Hakuna ugomvi wala faini. Ila ukoo mzima utajua, na mama atajua kwamba wanajua.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kufunga mlango anapoyatengeneza. Alifariki kabla hajamfundisha mtu. Mke wangu alibaki na kumbukumbu mbili tu: yalikuwa mafuta ya ufuta, na yalinukia mchaichai kiasi kwamba ukiingia getini unajua kuna mwari ndani.

Na Rehema ndiye binti yetu pekee. Wengine wote wavulana. Nafasi ya mke wangu ilikuwa hiyo moja.

Akaanza kwa njia anayoijua. Mama Rehema ni hodari wa mafuta ya mnyonyo. Anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha na maji kwenye sufuria pana iliyo wazi, mafuta yanapanda juu, anayaengua kwa upawa. Tangu msichana anafanya hivyo, hajawahi kuharibu.

Akakata mchaichai wa kutosha, akautwanga, akaweka maji, akachemsha vilevile, sufuria wazi, tangu asubuhi.

Wakuu, mtaa mzima ulinukia. Watu wakipita wanasimama.

"Mama Rehema, leo kuna nini humo ndani? Mbona tunanukia sote?"

"Tulieni, ni ya mwanangu," anajibu, anachochea, anatabasamu.

Jioni akachukua upawa aengue. Juu ya maji hakukuwa na kitu. Maji ya kijani yaliyochoka, basi.

Kesho yake akajaribu njia ya pili: akapasha mafuta ya ufuta mpaka yakachemka, akatumbukiza majani ya mchaichai humo. Yakakaangika. Dada yake mkubwa, Salima, alikuwa ameshafika kutoka Masanze kwa ajili ya maandalizi. Akaja jikoni, akainama juu ya sufuria, akanusa.

"Haya mazuri," akasema. "Tunaweza kukaangia dagaa."

"Dada, usinianze."

"Sikuanzi. Nakwambia mapema ili siku ile nisije nikakuaibisha mbele za watu. Unajua mimi sijui kudanganya pua yangu."

Salima ni mtu wa maneno tangu nimjue. Mimi ni shemeji yake, kwa hiyo sijawahi kusalimika. Lakini siku hiyo nilimtazama mke wangu na nikaona hakucheka. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikwishatakata.

Ndipo nikamwita mezani.

Hapa naingia kwenye kemia. Asiyeipenda aruke mpaka anapoona neno "debe."

Nilichukua karatasi nyeupe, nikadondosha tone la ufuta upande mmoja. Upande wa pili nikakunja ganda la chungwa na kulibinya mpaka likarusha ule unyevu wake wenye harufu kali. Yakawa madoa mawili, yote yanang'aa, yote ukiyainua kwenye mwanga unaona yanapitisha. Nikamwambia tunywe chai kwanza.

Tulipomaliza chai, doa la chungwa lilikuwa limetoweka. La ufuta lilikuwa pale pale, na kama hajaitupa ile karatasi lipo hadi leo.

Nikamweleza hivi. Mafuta ya ufuta, alizeti, karanga, mnyonyo, na hata samli, ni ukoo mmoja. Molekuli yake ni kama tii ya bomba, ile yenye njia tatu, na kwenye kila njia umefungwa mpira mrefu. Tii ni gliserini. Mipira ni asidi za mafuta, kila mmoja ni mnyororo wa kaboni, mara nyingi kumi na sita au kumi na nane. Wenye elimu yao wanaiita triglyceride. Ni kubwa na nzito. Ukichemsha maji, mvuke unaondoka, mafuta yenyewe yanabaki yakielea. Ndiyo maana mnyonyo unakubali sufuria wazi.

Harufu ya mchaichai ni ukoo mwingine, terpene na jamaa zake. Hawa hawana tii wala mipira mirefu. Mmea unawajenga kwa tofali za saizi moja, kila tofali lina kaboni tano. Ukiunganisha tofali mbili unapata kitu chepesi kinachoruka: harufu ya mchaichai, ya mkaratusi, ya ganda la chungwa. Ukiunganisha nane unapata rangi ya karoti, ambayo hairuki tena kwa sababu imeshakuwa nzito.

Ushahidi mwingine: ukitia caustic soda kwenye ufuta unapata sabuni, kwa sababu soda inaifungua ile tii na kuichukua mipira. Kwenye mafuta ya harufu hakuna tii ya kufungua. Utapoteza soda yako.

Kinachotuchanganya ni kwamba koo zote mbili zinakataa maji na zinapendana zenyewe kwa zenyewe. Hata vitabu havikubaliani. Kimoja kinaziweka terpene ndani ya kundi la lipids kwa sababu haziyeyuki kwenye maji. Kingine kinazitenga kwa sababu muundo wake ni tofauti. Mimi niko na hicho cha pili, ila sigombani na mtu. Mfano mzuri ni mawese. Ule wekundu ni wa ukoo wa tofali, umeyeyuka ndani ya ukoo wa gliserini. Chupa moja, koo mbili, wanaishi kwa amani.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama karatasi.

"Kwa hiyo ile harufu ya jana, mtaa mzima..."

"Ndiyo yalikuwa mafuta yenyewe. Yalikuwa yanaondoka na mvuke."

Akaisukuma karatasi pembeni.

"Basi nimewapaka majirani mafuta ya mwanangu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, halafu akaanza kucheka yeye. Tulicheka mpaka Salima akaja kuuliza kuna nini.

Haya, debe.

Kama harufu inaondoka na mvuke, dawa ni kuukamata mvuke. Nikatafuta debe safi la bati lenye mfuniko. Nikatoboa mfuniko, nikapitisha bomba la shaba la friji bovu, baada ya kuliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka likaacha kunuka. Bomba likapita ndani ya ndoo ya maji baridi, likatokea chini, nikatega chupa ya kioo. Ya plastiki sikuitaka, maana mafuta ya harufu yanalainisha baadhi ya plastiki. Mwanya wa mfuniko nikauziba kwa unga wa ngano uliokandwa mgumu. Mchaichai uliokatwakatwa na kunyaushwa kidogo ukaingia ndani na maji, kuni zikawashwa uani.

Nilijivunia kazi ile. Hakuna kiungo kilichovuja.

Ila wakuu, rudieni kusoma hiyo aya taratibu. Debe, mfuniko uliozibwa kwa unga, bomba la shaba, ndoo ya maji baridi, chupa. Kila mtu mzima wa huku kwetu anajua mtambo huo ni wa pombe gani. Mimi peke yangu ndiye sikuwaza.

Salima aliwaza. Alikwenda gengeni kununua nyanya na akasema, kwa utani wake, "Shemeji yangu ameacha mabomba ya maji, sasa hivi anafunga ya gongo." Wanawake wa gengeni wakacheka. Mgambo aliyekuwa ananunua ndizi pembeni hakucheka.

Matone ya kwanza ndiyo kwanza yanaanza kuingia kwenye chupa, tukasikia hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mkude, na yule mgambo nyuma yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba." Akalitazama debe, akalifuata bomba kwa macho mpaka kwenye chupa. "Fundi. Wewe mtu wa swala tano."

"Ndiyo mzee."

"Na msikitini tunakaa safu moja."

"Ndiyo mzee. Haya ni mafuta ya mwari."

"Mafuta," akasema mgambo. "Yanachuruzika kwenye bomba la shaba."

Salima alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Alikuwa ameinama mno kuliko mchele unavyohitaji. Mzee Mkude akamgeukia.

"Mama, si wewe uliyesema gengeni?"

"Mwenyekiti, mimi natania shemeji yangu. Tangu lini kumtania shemeji kukawa kesi?"

"Tangu huyu aliposikia," akasema mzee, akimwonyesha mgambo kwa kidevu.

Nikaona heri kuonyesha kuliko kujieleza. Nikaleta glasi ya maji, nikamimina kidogo kutoka kwenye chupa. Utando mwembamba wa manjano ukaja juu ukakaa. Nikakoroga, ukavunjika vitone vidogo, kisha ukakusanyika tena juu.

"Gongo ukiitia maji inaingia," nikasema. "Haigombani nayo. Haya yanakataa."

Mzee Mkude akachovya kidole, akalamba. Uso ukakunjamana.

"Yanaunguza ulimi. Chai ya mchaichai ya watu mia, na sukari hakuna." Akamwambia mgambo, "Onja na wewe, usije ukasema nimehongwa."

Mgambo akaonja, akakohoa. Mzee akaanza kuniuliza maswali, kwa nini yanaelea, kwa nini yana rangi, na mimi wakuu nikiulizwa swali la kemia sijui kunyamaza. Nikaanza habari za tofali. Mgambo naye akavuta kigoda.

Nikasikia mke wangu ananiita, kwa sauti ya chini, "Baba Rehema."

"Nakuja."

"Baba Rehema. Harufu imetoka nje."

Nikanusa. Kweli. Uani kulinukia vizuri sana, na hiyo ilikuwa habari mbaya. Wakati mimi nafundisha, maji ya kwenye ndoo yalikuwa yamepata moto. Bomba halikuweza kupoza mvuke tena, ulikuwa unatoka mzima mzima mdomoni mwa chupa na kwenda zake. Mafuta ya Rehema yalikuwa njiani kwenda kwa majirani kwa mara ya pili.

Mke wangu hakunisubiri. Alikwishavuta kuni mbili nje ya moto, akachota maji ya ndoo kwa jagi na kuyamwaga, akawa anajaza ya baridi kutoka kwenye pipa.

"Rehema, lete maji. Dada, acha huo mchele, njoo."

Salima aliacha mchele. Mgambo akaona aibu kukaa, akachukua ndoo akaenda bombani. Tangu hapo hadi mwisho mkuu wa kazi alikuwa Mama Rehema. Alikaa karibu na mtambo, kimya, anavuta hewa puani. Akisikia harufu, anasema "maji," na maji yanaletwa. Asiposikia kitu, anatulia. Mimi nilikuwa na kanuni, yeye alikuwa na pua, na kwa kazi ile pua ilikuwa inawahi.

Mzee Mkude aliondoka akiwa amebeba majani ya mchaichai kwa ajili ya chai ya nyumbani kwake. Alimwambia mgambo njiani, na tulimsikia, "Siku nyingine uliza kwanza kama anayesema ni shemeji."

Tulipozima moto na kuyatenga mafuta na maji, yalikuwa hayajajaza kijiko cha chakula.

Mama Rehema aliyatazama kwenye mwanga.

"Haya ndiyo ya kumpaka mtu mzima? Haya hayatoshi kidole."

"Haya hayapakwi peke yake, yatamuunguza. Sasa yanaingia kwenye ufuta. Ufuta wa baridi."

Nilitaka kupima kwa bomba la sindano, niandike uwiano. Akaniambia niweke sindano yangu pembeni. Akamimina ufuta safi kwenye chupa ya kioo, akadondosha tone moja moja, anatikisa, anapaka nyuma ya mkono, anasubiri, ananusa. Matone yalikuwa yanazama na kupotea humo, kama nilivyosema, koo zinapendana. Ule ufuta mzito haukimbii, na sasa ulikuwa umeishika harufu isikimbie haraka. Aliposema basi, nikafunga kifuniko.

Siku moja kabla ya Rehema kuondoka, alasiri, wanawake walijaa sebuleni. Mimi nilisimama mlangoni, si desturi mwanaume kuingia. Rehema alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyosha. Mke wangu akatoa chupa akampa dada yake kwa mikono miwili.

Salima alifungua. Akanusa. Akafunga macho, akanusa tena, na safari hii akakawia. Mke wangu alikuwa ameshika upindo wa kanga yake, na kutoka mlangoni niliona vidole vikiukunja na kuukunjua.

"Haya siyo ya mama," akasema Salima.

Akairudisha chupa puani.

"Ya mama yalikuwa na moshi. Ukiyanusa unasikia jiko. Haya hayana moshi hata kidogo." Akamtazama mdogo wake. "Umeyatoa wapi, mwanangu? Mbona yananukia kama majani yamekatwa sasa hivi?"

Kumwita mdogo wake "mwanangu" sikuwahi kumsikia.

"Nimeyatengeneza," akasema mke wangu.

"Najua umeyatengeneza, nilibeba maji." Watu wakacheka kidogo. Salima akajimiminia kiganjani, akasugua mikono, akashika mkono wa Rehema akaanza na kidole gumba. "Ya mama yamekwenda na mama. Leta na mkono wa pili, mtoto. Na usijifute, unukie mpaka Mikumi."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba kukagua koki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Harusi ilipita salama. Juzi Rehema alipiga simu kutoka kwa mumewe. Wifi yake anaolewa, na huko hawana desturi hii, lakini walimnusa siku ile na sasa wanauliza. Alitaka kuongea na mama, siyo na mimi. Nikakaa kibarazani nikasikiliza upande mmoja wa mazungumzo.

Nilidhani mke wangu atafunga mlango kama mama yake. Hakufunga. Alimweleza yote, polepole, akirudia.

"Ufuta ni mwenyeji, huo hauendi popote. Mchaichai ni mgeni, ukimwachia mlango wazi ameondoka. Kwa hiyo unaziba kwa unga. Eeh. Na ukiona watu wanakusifia kwamba pananukia, jua unaibiwa, ongeza maji ya baridi."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu tofauti za koo hizi mbili. Sijaona kimoja kilichoieleza kwa ufupi namna hiyo.

Nilichojifunza mimi, wakuu: vitu viwili kukataa maji hakuvifanyi kuwa kitu kimoja. Angalia vimejengwaje kabla hujaamua jinsi ya kuvipika. Njia iliyokutoa salama kwa mnyonyo miaka yote inaweza kukunyima mchaichai siku ya kwanza, na kosa siyo la mkono wako. Na ukiwa unapoza mvuke, usifundishe watu.

Ninalo swali moja ambalo bado linanisumbua. Ule moshi wa mama mkwe ulitoka wapi? Mke wangu anadhani alitumia ufuta uliokaangwa. Mimi nadhani alikuwa anafukiza chungu kwanza, ndipo anaweka mafuta, halafu anaziba. Kama kuna mtu humu, awe wa Masanze, Berega au kwingineko, ambaye bibi yake alikuwa na mafuta ya namna hiyo na hakufunga mlango, atuandikie hapa chini. Wenye kemia yao pia karibuni, mkiona nimekosea mnisahihishe.

Mama Rehema amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema niandike kwamba mafuta aliyatengeneza yeye, mimi nilifunga bomba tu.

Naandika hivyo, na ndivyo ilivyokuwa.